Pawasaplai ya volti 5 kwa regyuleta ya 7805: hesabu kwanza, solda baadaye

Mchoro wa pawasaplai ya 7805 ni mfupi mno: transfoma, dayodi nne, kapasita moja kubwa, mbili ndogo, na regyuleta ya miguu mitatu, yaani kipande kinachoshikilia volti zisibadilike. Ukiunakili ulivyo, taa itawaka na multimita itasoma volti 5. Matatizo huanza ukishaunganisha mzigo. Redio inavuma, bodi ya maikrokontrola inajizima na kujiwasha, au regyuleta inapata moto hadi haigusiki. Mara nyingi chanzo ni kimoja: volti inayoingia kwenye regyuleta ama inashuka mno kwa nukta fupi sana ya wakati, ama imezidi mno muda wote. Macho hayaoni hilo, na multimita ya kawaida nayo hailionyeshi vizuri. Karatasi na kalamu zinalionyesha.

Tunatengeneza pawasaplai ya volti 5 DC inayoweza kutoa miliampea 500 bila kusitasita. Inatosha kwa maikrokontrola, sensa, rilei ndogo na majaribio mengi ya mezani.

Neno moja kabla ya yote. Kazi hii inagusa umeme wa ukutani, na huo unaua. Kama hujawahi kufunga waya wa umeme mkubwa, acha transfoma kabisa: chukua adapta iliyofungwa kiwandani ya volti 9 DC, ampea 1, weka dayodi moja mfululizo kwenye waya wake chanya ili ukigeuza nyaya kwa bahati mbaya isiunguze kitu, kisha anza mwongozo huu kwenye kapasita. Utapata volti 5 zilezile.

Vifaa

- Transfoma ya volti 9, ampea 1 (VA 9)
- Dayodi nne za 1N4007, au daraja la dayodi lililo tayari la ampea 1 au zaidi
- Kapasita ya elektroliti ya mikrofaradi 2200, volti 25
- Kapasita ya seramiki ya nanofaradi 330 (imeandikwa 334) na ya nanofaradi 100 (imeandikwa 104)
- Kapasita ya elektroliti ya mikrofaradi 10, volti 16 au zaidi
- Regyuleta 7805 yenye bati la kufungia skrubu
- Kipoza joto cha alumini, skrubu yake na pesti ya joto
- LED na rezista ya omu 330 (chungwa, chungwa, kahawia)
- Dayodi moja zaidi ya 1N4007
- Fyuzi ya kuchelewa ya miliampea 100 na kishikio chake; swichi; waya wa umeme wenye ethi
- Ubao wa saketi wenye matundu
- Rezista ya omu 10, wati 5, kwa majaribio

Fyuzi hiyo ni ya umeme wa volti 230. Kwenye umeme wa volti 120, chukua ya miliampea 200 na hakikisha koili ya msingi ya transfoma imetengenezwa kwa volti hizo.

Kwa nini volti 9, kwa nini 2200

7805 inahitaji volti zipatazo 2 juu ya zile inazotoa. Kwa hiyo mguu wake wa kuingilia usishuke chini ya volti 7 hata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Juu kuna dari yake pia: volti 35. Lakini utashindwa na joto muda mrefu kabla ya kufika huko.

Transfoma ya volti 9 AC haina kilele cha volti 9. Kilele ni 9 × 1.41, yaani volti 12.7. Umeme ukipita kwenye daraja unavuka dayodi mbili kwa wakati mmoja, na kila moja inakula kati ya volti 0.7 na 1. Tuchukue hali mbaya, jumla volti 2. Kapasita kubwa basi itajaa hadi volti 10.7 hivi.

Sasa ndipo penye kiini cha kazi. Kapasita hiyo haijazwi muda wote. Kwenye umeme wa hezi 50 hujazwa mara 100 kwa sekunde, kila mara kwa muda mfupi karibu na kilele, na muda uliobaki mzigo unainyonya peke yake. Volti zake hupanda na kushuka hivyo bila kukoma. Kipimo cha kushuka ni mkondo ukigawanywa kwa (mijazo kwa sekunde × ukubwa wa kapasita kwa faradi). Kwa miliampea 500:

0.5 ÷ (100 × 0.0022) = volti 2.3 hivi

Bonde letu, yaani volti za chini kabisa za kapasita, basi ni 10.7 − 2.3 = volti 8.4. Tumevuka 7. Umeme wa ukutani ukishuka kwa asilimia 10, kilele kinakuwa 11.4, baada ya dayodi 9.4, na bonde ni 7.1. Bado tumo, ila kwa nywele moja.

Jaribu hesabu hiyohiyo kwa ampea 1 na uone. Mshuko unakuwa volti 4.5, bonde linaangukia 6.2, na regyuleta inashindwa mara 100 kila sekunde. Multimita kwenye towe (upande wa kutoka) itasoma labda 4.9 na wewe utasema "iko sawa", kumbe redio inavuma kwa sababu hiyo. Ukitaka ampea 1 kweli, weka kapasita ya mikrofaradi 4700 na transfoma kubwa zaidi. Ukijaribu kutumia transfoma ya volti 6 kwa kuwa "6 ni zaidi ya 5", kilele baada ya dayodi ni volti 6.5, na hapo hata hujaanza kunyonya. Haifai.

Transfoma ya volti 12 je? Itafanya kazi vizuri sana kwa upande wa bonde, na wachoraji wengi huiweka. Mimi siipendi kwa volti 5, na sababu iko kwenye joto. Kila volti inayozidi 5 inageuzwa moto ndani ya regyuleta. Kwa transfoma ya volti 9, wastani wa volti kwenye kapasita ni kama 9.5, ziada ni 4.5, mara ampea 0.5, ni wati 2.3. Kwa transfoma ya volti 12 wastani ni karibu 13.9 na joto linafika wati 4.4, karibu mara mbili, kwa faida isiyokuwepo.

Wati 2.3 zinaonekana chache. Regyuleta yenye umbo hili, bila kipoza joto, hupanda nyuzi 50 hadi 65 za Selsiasi kwa kila wati. Zidisha: zaidi ya nyuzi 110 juu ya joto la chumba, na huenda ikafika 150. Kinga ya ndani ya 7805 itaizima yenyewe kabla haijaungua, nawe utaona pawasaplai inayowaka dakika mbili, inazima, inawaka tena. Kwa kipoza joto chenye alama ya nyuzi 10 kwa wati, bati lenyewe litapanda nyuzi 23 tu. Katika chumba cha nyuzi 30 litafika kama 53: moto wa kusikika kidoleni, usiounguza.

Kuhusu volti 25 za kapasita: usishawishike kuchukua ya volti 16 kwa kuwa 10.7 ni ndogo. Transfoma ndogo ikiwa haina mzigo hutoa asilimia 20 hivi zaidi ya ilichoandikiwa. Ongeza umeme wa ukutani uliopanda kwa asilimia 10, na kilele kinakaribia volti 17. Kapasita ya volti 16 inaweza kuvimba kichwa siku moja usiku pawasaplai ikiwa haina kazi yoyote.

Na kwa nini transfoma ya ampea 1 wakati tunataka nusu? Kwa sababu mkondo unatoka kwenye koili kwa mafungu mafupi makali, si kwa utulivu. Koili inapata joto kana kwamba mkondo ni mara 1.6 hadi 1.8 ya ule unaoutoa kwenye DC. Nusu ampea ya DC ni kama ampea 0.9 kwa koili.

Upande wa umeme mkubwa

Tambua kwanza koili ipi ni ipi. Transfoma ikiwa haijaunganishwa popote, pima ukinzani wa kila jozi ya nyaya. Koili ya msingi ya transfoma ndogo kama hii ina mamia ya omu. Ya upili ina omu moja au chache. Ukizibadilisha, koili ya upili itaungua mara moja, na kwa nukta ile upande wa pili utakuwa na volti za kutisha.

Laivu inaingia kwenye fyuzi kwanza, kisha swichi, kisha koili ya msingi. Nyutro inaenda moja kwa moja upande wa pili wa koili. Kwenye nyaya za kisasa za nchi nyingi laivu ni kahawia, nyutro ni buluu, na ethi ni kijani chenye mstari wa njano. Hata hivyo pima, usiamini rangi peke yake. Kasha likiwa la chuma, ethi ifungwe kwenye kasha kwa skrubu yake pekee, rangi ikiwa imekwanguliwa hadi chuma kionekane. Waya unapoingia kwenye kasha ubanwe, ili ukivutwa usivute viungo.

Usilete umeme wa ukutani kwenye ubao wa matundu. Matundu yake yamepishana milimita 2.54 tu, na hiyo si nafasi ya kutenganisha volti 230 na vidole vyako. Viungo vya upande huo vifunikwe kwa mipira inayonywea kwa joto, kila kimoja peke yake, na vikae angalau milimita 8 mbali na chochote cha upande wa volti ndogo.

Kabla ya kuendelea, washa transfoma peke yake kupitia balbu ya waya ya wati 40 iliyowekwa mfululizo na laivu. Balbu ya LED haifai kwa hili. Transfoma nzima itaiacha balbu ikiwa giza, labda imemeta kidogo mwanzoni. Balbu ikiwaka vizuri, kuna shoti, na balbu hiyo imekuokolea fyuzi. Pima AC kwenye koili ya upili: usishangae ukiona 10 au 11, haina mzigo.

Ubao

Anza na dayodi. Pete nyeupe kwenye 1N4007 ni upande wa kathodi. Ziunge mbili kwa ncha zenye pete: kiungo hicho ndicho chanya ya daraja. Ziunge mbili nyingine kwa ncha zisizo na pete: hicho ndicho hasi. Ncha nne zilizobaki ziunge mbili mbili, kila ncha ya jozi ya kwanza na ncha ya jozi ya pili. Hapo ndipo nyaya mbili za koili ya upili zinapoingia, yoyote kwa yoyote. Dayodi moja tu ikigeuka, koili inapata shoti katika nusu moja ya kila mzunguko na fyuzi inakatika.

Kapasita kubwa ifuate mara moja, nyaya zikiwa fupi. Mstari wenye alama za kutoa pembeni mwa kopo unaonyesha mguu hasi. Kwa kapasita za tantalamu ni kinyume, mstari huonyesha chanya. Nalitaja kwa kuwa wengi hubadilisha kapasita ya mikrofaradi 10 kwa tantalamu waliyoiokota kwenye bodi kuukuu.

7805 ikikutazama kwa maandishi yake, miguu chini, kutoka kushoto ni: kuingia, graundi, kutoka. Kapasita ya nanofaradi 330 iwe kati ya kuingia na graundi, ya nanofaradi 100 kati ya kutoka na graundi, zote mbili zikigusana kabisa na miguu, si sentimita 5 pembeni. Bila hizo regyuleta inaweza kuanza kutetema yenyewe kwa masafa ya juu, na huwezi kujua bila osiloskopu. Utaona tu inapata moto bila sababu. Ya mikrofaradi 10 iende kwenye towe, chanya upande wa volti 5.

Dayodi ya tano inaunganishwa juu ya regyuleta: pete upande wa kuingia, ncha nyingine upande wa kutoka. Kazi yake ni siku ambayo umeme wa kuingia unakatika ghafla huku kile ulichounganisha kwenye towe bado kina chaji. Badala ya chaji hiyo kurudi nyuma ndani ya regyuleta, inapitia kwenye dayodi. Kwa kapasita ya mikrofaradi 10 pekee si lazima. Lakini hujui utakuja kuunganisha nini.

LED na rezista ya omu 330 mfululizo kati ya volti 5 na graundi. LED nyekundu inakula kama volti 2, zinabaki 3, mkondo ni miliampea 9.

Bati la 7805 limeungana na graundi ndani yake, kwa hiyo unaweza kulifunga kwenye kipoza joto bila kizuizi. Pesti ya joto iwe utando mwembamba unaoziba mikwaruzo tu. Ikichuruzika pembeni, umepaka nyingi. Funga skrubu kwanza, ndipo ulehemu miguu. Ukilehemu kwanza kisha ukakaza skrubu, miguu inabaki na mvutano na viungo hupasuka baada ya miezi ya kupata moto na kupoa.

Waya wa graundi

Hili halionekani kwenye mchoro, ila ndilo linalotenganisha pawasaplai tulivu na ile inayovuma. Mchoro unaonyesha mstari mmoja mrefu chini, na kila kitu kimeshikana nao popote. Katika ubao halisi mstari huo ni waya, na waya una ukinzani. Mkondo unaojaza kapasita kubwa huja kwa mafungu ya ampea kadhaa. Waya wenye omu 0.02 tu, ukipitiwa na ampea 3, una volti 0.06 kati ya ncha zake. Graundi ya regyuleta ikiwa imeshikwa katikati ya waya huo, yaani kati ya daraja na kapasita, volti hizo zinaongezwa kwenye towe mara 100 kwa sekunde.

Basi panga hivi: hasi ya daraja iende kwenye mguu hasi wa kapasita kubwa na ikomee hapo. Kutoka kwenye mguu huohuo, anzisha waya mwingine kwenda graundi ya 7805, na kutoka graundi ya 7805 kwenda towe hasi. Upande wa chanya ufuate mtindo uleule: daraja, kapasita, regyuleta, kwa mfuatano, bila njia ya mkato.

Kujaribu

Rudisha balbu mfululizo na laivu. Washa, ukiwa mkono mmoja umeuweka mbali. Kwenye kapasita kubwa, bila mzigo, tarajia DC ya volti 12 hadi 15. Kwenye towe tarajia kati ya 4.8 na 5.2, 7805 yoyote iliyo ndani ya mipaka hiyo ni nzima, usihangaike kuitafutia 5.00.

Zima, ondoa balbu, unganisha rezista ya omu 10 kwenye towe. Hiyo inanyonya nusu ampea na yenyewe inatoa wati 2.5 za joto, kwa hiyo iweke juu ya kitu kisichoungua. Iache nusu saa. Pima towe tena: ikishuka kwa zaidi ya volti 0.1, tatizo lipo. Pima kapasita: tarajia karibu 9 hadi 10.

Kisha weka multimita kwenye AC na upime towe lilelile. Isome milivolti chache. Tahadhari, multimita nyingi za bei ndogo hudanganya hapa: zikipewa DC kwenye safu ya AC husoma maradufu au sifuri, kutegemea ncha ipi iko wapi. Badilisha ncha, masomo mawili yakitofautiana kabisa, mita yako haifai kwa kipimo hiki mpaka uweke kapasita ya mikrofaradi 1 mfululizo na ncha yake moja.

Ikigoma

Towe ni sifuri na regyuleta ni baridi: pima kuingia. Kama volti zipo pale, huenda miguu imegeuzwa au waya wa graundi kutoka kwenye kapasita haujashika. Towe ni dogo na regyuleta ni moto sana: kuna shoti upande wa mzigo, au kipoza joto hakijabana. Volti 5 bila mzigo, 4 na mzigo, na regyuleta si moto: bonde limeshuka chini ya 7, rudi kwenye hesabu, au dayodi moja haipitishi. Hilo la mwisho hujulikana kwa sauti pia. Daraja zima huvuma kwa hezi 100. Dayodi moja ikifa, mijazo inabaki 50 kwa sekunde, mvumo unashuka nusu na kuwa mzito, na mshuko wa volti unaongezeka mara mbili.

Ukitaka volti zinazobadilika

Badala ya 7805 weka LM317, lakini usiichomeke kwenye matundu yaleyale. Miguu yake kutoka kushoto ni: kurekebisha, kutoka, kuingia. Bati lake limeungana na kutoka, hivyo likigusa kasha lenye graundi umejipa shoti. Weka maika (utando usiopitisha umeme) na bushi ya plastiki kwenye skrubu. (Kwa regyuleta za volti hasi kama 7905 bati huungana na kuingia. Pima kila mara kabla ya kufunga.)

LM317 inashikilia volti 1.25 kati ya kutoka na kurekebisha. Rezista R1 inakaa kati ya miguu hiyo, na R2 kati ya kurekebisha na graundi. Towe ni 1.25 × (1 + R2/R1). Michoro mingi huweka omu 240 kwa R1. Mimi huweka 120, kwa sababu LM317 inaweza kuhitaji hadi miliampea 10 za kunyonywa ili itulie, na 1.25 ÷ 120 inatoa miliampea 10.4 hata kama hujaunganisha kitu. Kwa R2 ya omu 360 unapata volti 5 kamili. Kwa potenshiomita ya kilo-omu 1, utatoka 1.25 hadi karibu 11.7, mradi transfoma inafika. Ya volti 9 haifiki: bila mzigo utaona volti hizo, na mzigo ukiingia zitaporomoka kuelekea 6. Hapo ndipo transfoma ya volti 12 au 15 inapostahili, pamoja na kipoza joto kikubwa zaidi, kwa sababu ukizungusha hadi volti 1.25 kwa nusu ampea, karibu kila kitu kinachotoka kwenye transfoma kinaishia kwenye bati la regyuleta.